Maswali ya mnunuzi na sura ya duka la mtandaoni

Sura ya duka la mtandaoni ni kila kitu anachokiona na kukigusa mnunuzi kwenye skrini kabla mzigo haujamfikia: picha, bei, kisanduku cha kutafutia, kikapu, kitufe cha kulipa na yale maneno madogo yanayotaja siku ya kuletewa. Wataalamu wa kompyuta wanaiita kiolesura. Katika duka la kawaida kazi hii hufanywa na watu. Katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, winga humdaka mteja njiani, humuuliza anatafuta nini na ana kiasi gani, kisha humfikisha penye kitu chake huku wakiyapita maduka ishirini yasiyomhusu. Muuzaji naye hufungua boksi, huwasha simu, hutaja bei, hupunguza kidogo, hupokea noti na kurudisha chenji. Mtandaoni hakuna winga wala muuzaji. Skrini peke yake inabidi ijibu kila swali ambalo watu hao wangelijibu, tena pale pale swali linapozuka.

Maduka mengi hayakujengwa kwa nia hiyo. Yamepangwa kama ghala: bidhaa zimekaa kwa idara kama zilivyo kwenye daftari la mwenye mali, majina yake ni yale ya msambazaji, na ukurasa wa mbele umejaa mali ambayo kampuni inataka imalizike haraka. Mtu anayetafuta zawadi ya harusi isiyozidi shilingi 100,000 hakuti pa kuanzia. Anakuta "Vyombo vya Nyumbani", "Umeme" na "Mapambo", na inambidi yeye mwenyewe aigeuze haja yake iwe lugha ya ghala. Kulipanga upya duka kwa kufuata namna watu wanavyoamua kununua ni kumwondolea mzigo huo: kuyajua maswali ya mnunuzi, kuyajua kwa mfuatano wake, na kuliweka kila jibu pale swali lake linapoanzia.

Haja hiyo haikuonekana mapema, kwa sababu biashara ya kwenye skrini ilianza na vitu ambavyo uamuzi wake ulikwisha kufanyika. Mwezi Mei 1984, katika mji wa Gateshead nchini Uingereza, bibi mmoja wa miaka 72 aliagiza siagi ya mimea, konfleksi na mayai kutoka Tesco kwa kutumia televisheni na rimoti, kupitia mfumo uliotokana na ubunifu wa Michael Aldrich wa mwaka 1979. Orodha ya vyakula ilimtosha, maana alijua anachotaka kabla ya kuketi. Amazon, ilipofungua duka lake Julai 1995, ilianza na vitabu, na kitabu nacho hakina mashaka mengi: nakala iliyopo Seattle ni sawa na iliyopo mji mwingine wowote. Ugumu ulikuja pale watu walipoanza kununua kwenye skrini vitu vinavyohitaji kupimwa, kuguswa na kulinganishwa, kama viatu, magodoro, simu na vitenge.

Namna mtu anavyofikia uamuzi ilikuwa imechunguzwa zamani kabla ya intaneti. Mwaka 1910 mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alieleza hatua ambazo fikra hupitia kutoka kwenye tatizo hadi kwenye suluhisho. Mwaka 1968 James Engel, David Kollat na Roger Blackwell walizijenga hatua za namna hiyo katika nadharia ya ununuzi ambayo bado inafundishwa vyuoni: mtu huhisi haja, hutafuta habari, hulinganisha, hununua, kisha hupima kama alifanya vyema. Mtu halisi hapiti humo kama treni kwenye reli. Hurudi nyuma, huruka hatua, huacha kwa wiki mbili, huuliza dada yake, kisha hurudi usiku akiwa na simu mkononi. Hata hivyo maswali ya kila hatua hayabadiliki sana, na hapo ndipo mpangaji wa duka anapopata pa kushika.

Mchango mkubwa zaidi ulitoka kwa Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Simon alionyesha kwamba watu hawatafuti kilicho bora kuliko vyote. Hutafuta kinachotosha, na wakikipata husimama. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Amos Tversky aliongeza kipande kingine: penye vitu vingi, mtu huchagua kwa kuengua. Huanza na sifa moja iliyo muhimu kwake, hutupa vyote visivyo nayo, hushika sifa ya pili, hutupa tena, mpaka vibaki vichache anavyoweza kuviweka bega kwa bega. Mnunuzi wa simu huanza na bei. Zinazozidi mfuko wake hazitazami tena. Kisha huuliza kama inaingia laini mbili, kisha betri inakaa muda gani, kisha kumbukumbu ni GB ngapi. Rangi huja mwishoni kabisa.

Ukweli huo mmoja unabadilisha sura ya duka zima. Machujio, yaani vile visanduku vya kupunguza orodha, ndiyo zana ya kuengulia, na kwa hiyo yanastahili kupangwa kwa mfuatano wa mnunuzi. Maduka mengi huyapanga kwa alfabeti au kwa vipengele alivyoleta mtengenezaji, hivi kwamba aina ya prosesa hutangulia na uimara wa betri hauonekani popote. Pa kuyapata machujio sahihi ni kwenye vinywa vya wateja. Maneno wanayoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na maswali wanayotuma kwa WhatsApp, yana orodha nzima. Ikiwa watu wanaandika "gauni la sendoff" na duka linajua tu "magauni ya jioni", duka linawarudisha nyumbani wateja ambao tayari wana fedha mkononi.

Wingi wa bidhaa nao una hesabu yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, Sheena Iyengar na Mark Lepper waliweka meza ya kuonja jamu ndani ya duka moja la vyakula huko California. Meza ikiwa na aina 24, asilimia 60 ya wapita njia walisimama, lakini ni asilimia 3 tu ya waliosimama walionunua. Ikiwa na aina 6, walisimama asilimia 40, na asilimia 30 kati yao wakanunua. Wengi walichukua hapo fundisho kwamba chaguo chache ni bora siku zote, na wakapunguza bidhaa. Walikwenda haraka mno. Mwaka 2010 Benjamin Scheibehenne na wenzake walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo wakakuta kwamba, kwa wastani, athari ya wingi inakaribia sifuri. Wingi humchosha mtu ambaye hana njia ya kuupunguza; anayejua anachotaka, au aliyepewa machujio mazuri, hufurahia duka lililojaa. Kwa hiyo kazi ya mpangaji ni kusaidia uenguaji, na rafu anaweza kuiacha ilivyo.

Orodha ikishapungua, mnunuzi hufungua ukurasa wa bidhaa moja, na hapo swali hubadilika kutoka "kipi?" kuwa "ni kweli?" Msemo kwamba kizuri chajiuza unamdhani mnunuzi yuko mbele ya kitu. Kwenye skrini kizuri na kibaya hupigwa picha kwa taa ile ile. Anachokitafuta mnunuzi ni badala ya mkono wake: picha ya pindo la nguo kwa karibu, kiatu kikiwa mguuni, godoro likiwa na vipimo vya sentimita, friji ikiwa imesimama kando ya mtu ili ukubwa wake uonekane. Picha iliyonakiliwa kutoka kwa mtengenezaji, ambayo maduka kumi mengine yanayo, haijibu lolote. Muuzaji wa Dar es Salaam anayepiga video fupi akikikunja kitenge na kukivuta ili watu waone kwamba hakichaniki ameelewa jambo ambalo kampuni kubwa hulilipia washauri.

Maoni ya wanunuzi waliotangulia hufanya kazi ya yule jirani anayeulizwa. Kituo cha utafiti cha Spiegel cha Chuo Kikuu cha Northwestern kilichapisha mwaka 2017 matokeo yanayofaa kukumbukwa na kila mwenye duka: bidhaa yenye maoni matano ilikuwa na uwezekano wa kununuliwa uliozidi kwa asilimia 270 ule wa bidhaa isiyo na maoni. Uwezekano huo ulikuwa mkubwa zaidi pale wastani wa nyota ulipokuwa kati ya 4.0 na 4.7, na ulishuka wastani ulipokaribia 5. Sifa tupu huwatia watu shaka. Lawama moja ya kweli, kwamba viatu ni vidogo kwa namba moja, humsaidia mnunuzi kuagiza namba sahihi, na duka linaloifuta linajitafutia viatu vya kurudishwa.

Kisha kuna bei, na hapa panastahili kukaa kidogo, maana ndipo mauzo mengi yanapofia. Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo imekusanya tafiti za miaka mingi kuhusu vikapu vya mtandaoni, inaweka wastani wa vikapu vinavyoachwa bila kulipiwa kuwa karibu asilimia 70. Baadhi ya walioviacha walikuwa wanatazama tu. Kwa wengine, sababu inayoongoza ni gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni: usafirishaji, kodi na ada. Mnunuzi alikwisha kukubaliana na shilingi 45,000 moyoni mwake. Kwenye ukurasa wa mwisho anakuta 58,000. Tofauti hiyo angeweza kuivumilia kama angeijua mwanzo. Ikimjia mwishoni anaiona kama hila, na duka zima linapoteza imani yake pamoja na ile bidhaa moja.

Afrika Mashariki tatizo hili lina sura mbili za kwake. Ya kwanza ni usafirishaji. Wengi hawaelekezani kwa anwani ya mtaa na namba. Mzigo wa mjini hupelekwa na bodaboda kwa bei inayotegemea umbali, na wa mikoani hupakiwa kwenye basi na kuchukuliwa stendi. Maduka mengi huandika kwamba gharama itategemea mteja alipo, na kuiacha hapo. Duka lililopangwa kwa kufuata uamuzi humuuliza mnunuzi eneo lake mapema, kwa majina anayoyatumia mwenyewe, Mbagala, Tegeta au Kigamboni, na tangu hapo huonyesha kila bei pamoja na nauli ya mzigo. Swali moja mwanzoni linaondoa mshtuko wa mwisho.

Sura ya pili ni bei iliyofichwa. Kwenye kurasa za Instagram na Facebook wauzaji wengi hupandisha picha na kuandika kwamba bei ipatikane inboksi. Sababu zao zinaeleweka: bei sokoni hujadiliwa, washindani huchungulia, na mazungumzo humleta mteja karibu. Lakini kwa mtu anayeengua, bidhaa isiyo na bei huanguka katika duru ya kwanza kabisa, kwa sababu sifa yake ya kwanza haijulikani. Anayeandika inboksi kuuliza ni yule aliyekwisha kuipenda. Wale kumi waliokuwa wanalinganisha wameshapita, na muuzaji hajui kama walikuwapo. Hasara hiyo haionekani kwenye daftari lolote, na ndiyo maana tabia hii haikomi. Njia inayoheshimu desturi ya kujadiliana ni kuiandika bei wazi, kisha kuweka kando yake kitufe cha kuzungumza na muuzaji kwa WhatsApp. Mazungumzo hayo yana thamani, kwani mteja anapoulizia punguzo anampima pia muuzaji: anajibu upesi, ana lugha nzuri, anaijua bidhaa yake?

Uamuzi ukishafikiwa, kazi ya skrini ni kutousumbua. Jared Spool, mtaalamu wa usanifu wa kurasa wa Marekani, alisimulia mwaka 2009 kisa cha duka kubwa ambalo hakulitaja jina. Baada ya mtu kujaza kikapu na kubonyeza kitufe cha kulipia, alikutana na fomu iliyomtaka aingie kwa akaunti yake au ajisajili. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Waliounda duka waliona ni msaada kwa wateja wa kudumu. Watu walipokaa mbele ya watafiti, ikaonekana kwamba wageni walichukizwa kulazimishwa kujisajili kabla ya kununua, na wateja wa zamani hawakukumbuka nywila wala barua pepe waliyotumia. Maombi ya kukumbushwa nywila yalifika 160,000 kwa siku, na robo tatu ya walioomba hawakurudi kumaliza ununuzi. Kitufe cha kujisajili kiliondolewa, kikawekwa cha kuendelea, na maneno machache ya kueleza kwamba akaunti si lazima. Idadi ya walionunua ilipanda kwa asilimia 45, na mwaka wa kwanza mauzo yaliongezeka kwa dola milioni 300.

Amazon ilikwenda mbali zaidi kwa kitufe cha kununua kwa mbonyezo mmoja, ambacho hataza yake ilitolewa Marekani Septemba 1999 na kwisha muda wake mwaka 2017. Kitufe hicho kinafaa pale uamuzi ulipokwisha, kama kwa wino wa printa au kitabu kilichosifiwa na rafiki. Kwa godoro la kulalia miaka kumi, wepesi huo hauna kazi, na mnunuzi huutazama kwa hofu.

Malipo ya simu yalibadilisha hatua hii kwa watu wasio na kadi ya benki. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, lakini kwa muda mrefu kulipia duka la mtandaoni kulimtoa mnunuzi nje ya duka. Alifunga ukurasa, akapiga namba ya menyu, akaingiza namba ya biashara, akaingiza kiasi, akasubiri ujumbe, akanakili namba ya muamala na kurudi kuibandika. Kila hatua ilikuwa nafasi ya kukosea tarakimu au kukatwa na mtandao. Mfumo ambao ombi la malipo hujitokeza lenyewe kwenye simu likiwa na kiasi na jina la duka, na mnunuzi akabaki na kazi ya kuweka namba ya siri tu, ulizifuta hatua hizo karibu zote.

Hata hivyo wengi wanapendelea kulipa wakishaupokea mzigo, na hofu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia ndiyo sababu. Jumia, kampuni ya maduka ya mtandaoni iliyoanzishwa Lagos mwaka 2012 na kuenea katika nchi kadhaa za Afrika ikiwamo Kenya, ilitumia sana malipo ya aina hiyo kuwavuta watu waliokuwa hawajawahi kununua mtandaoni. Nchini Tanzania ilifunga shughuli zake mwishoni mwa mwaka 2019. Kwa mtazamo wa uamuzi, malipo ya mlangoni yanauahirisha ununuzi. Mteja anapobonyeza kitufe anakuwa ameomba kuletewa kitu akione, na uamuzi wenyewe huufanya mbele ya bodaboda, ambako anaweza kukataa na kuliachia duka nauli ya kwenda na kurudi. Kadiri ukurasa wa bidhaa unavyojibu vizuri swali la "ni kweli?", ndivyo kukataa huko kunavyopungua.

Kuyajua yote haya kwa duka fulani hakupatikani kwa kukisia ofisini. Jakob Nielsen, mtaalamu wa usanifu wa kurasa, aliandika mwaka 2000 kwamba kuwatazama watu watano wakitumia ukurasa hufichua sehemu kubwa ya kasoro zake, na njia hiyo iko ndani ya uwezo wa duka dogo: mtu apewe simu ya kawaida yenye bando la kawaida, aambiwe anunue zawadi ya mama yake, na mwenye duka anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Badiliko likishabuniwa, hupimwa kwa kuwagawa wageni makundi mawili, moja likaona sura ya zamani na jingine mpya. Greg Linden, aliyekuwa mhandisi wa Amazon, alibuni mapendekezo yanayotokana na vitu vilivyomo kwenye kikapu. Mkubwa mmoja alimkataza kwa hoja ya maana, kwamba yangewatoa watu kwenye njia ya kulipa. Linden alifanya jaribio hata hivyo, na faida ilikuwa kubwa kiasi kwamba mapendekezo yakaingizwa upesi.

Maarifa haya haya yanaweza kugeuzwa silaha dhidi ya mnunuzi. Mwaka 2010 Mwingereza Harry Brignull alizipa jina mbinu za skrini zinazomfanya mtu atende asichokusudia: kisanduku cha bima kilichokwisha kutiwa alama, saa bandia inayohesabu dakika za ofa, kitufe cha kukataa kilichofifishwa. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wa mwaka 2011 ulioanza kutumika Juni 2014, ulikataza malipo ya ziada kupitia visanduku vilivyotiwa alama mapema. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 baada ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, kuilaumu kwamba mpangilio wa vitufe uliwafanya wachezaji, wakiwamo watoto, wanunue bila kukusudia. Septemba 2025 Amazon ilikubaliana na tume hiyo kulipa dola bilioni 2.5 katika shauri la kuwaandikisha watu kwenye Prime, uanachama wake wa kulipia, bila ridhaa ya wazi na kuwawekea ugumu wa kujitoa. Mpaka kati ya usanifu mwema na hila unaonekana kwa swali moja: mnunuzi angejua kitufe kimepangwa hivyo kwa nini, angebaki ameridhika?

Swali la mwisho la mnunuzi huulizwa kabla ya kulipa ingawa linahusu siku za baadaye: nikijuta itakuwaje? Juni 2015 kampuni ya Valve ilitangaza kwamba kwenye duka lake la michezo ya kompyuta, Steam, mtu anaweza kurudishiwa fedha za mchezo akiomba ndani ya siku 14 na akiwa ameucheza chini ya saa mbili. Saa hizo mbili zina kazi ile ile ya kuiwasha simu juu ya kaunta. Masharti ya kurudisha bidhaa kwa kawaida huzikwa chini kabisa ya ukurasa, wakati mahali pake ni kando ya bei, kwa sentensi moja inayosomeka: siku ngapi, nani analipa nauli, fedha zinarudi kwa njia gani.

Duka likishafunguliwa kwa sura mpya, idadi ya mauzo peke yake haitoshi kulipima. Huhesabiwa pia mizigo iliyokataliwa mlangoni, iliyorudishwa, na ujumbe ulioingia WhatsApp. Wateja watatu wakiuliza kwa siku moja kama friji inapita kwenye mlango wa kawaida, upana wake unapandishwa juu ya ukurasa, chini tu ya bei.